Ugoro wa Mama Koleta

Hili sijawasimulia hata wajukuu zangu, maana nikilikumbuka masikio yananiwaka moto, ila nyie wenzangu mnanijua, acha niseme tu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi hapa Morogoro mjini, natengeneza cherehani, natengeneza na gramafoni (shule niliishia darasa la pili, lakini skrubu haikuulizi umesoma wapi), basi Alhamisi moja dereva wa lori la ndizi akaniletea maneno ya Mama Koleta wa kule Matombo, kwamba sindano imevunjika, duka la kijiji halina, niende upesi kwa sababu Jumamosi binti yake Benadeta anaolewa. Halafu akanikabidhi kitambaa kidogo kilichofungwa fundo gumu. Nikakitia mfuko wa shati bila kukifungua, najua ni ugoro kama alivyozoea kunitumia, na ugoro wa yule mama ukinusa unapiga chafya mpaka unasahau jina lako, nikasema huu nauweka wa safari ya kurudi.

Mimi kusikia harusi nikawaza muziki. Sikuuliza sindano ya nini. Nikabeba pakiti nzima ya sindano za gramafoni, kesho yake nikapanda lori lile lile hadi Matombo.

Nikakuta ua umejaa akina mama, Benadeta kasimama katikati na gauni jeupe lenye mkono mmoja, mkono wa pili umelala juu ya cherehani. Nikatoa pakiti hivyo hivyo. Mama Koleta akachukua moja, akaigeuzageuza kiganjani.

"Fundi, hii ya kushonea siafu?"

Wakacheka wote, na mimi badala ya kunyamaza nikajitutumua, nikasema kosa ni la aliyeagiza, sindano ziko za kila namna, mtu atajuaje, kisha nikaona nimekuwa mkali mno, nikaongeza kwamba kwa ule ugoro, lakini, namshukuru sana.

"Ugoro gani?"

Nikachomoa kitambaa, fundo kama lilivyokuja. Akaniambia nifungue mwenyewe. Nikalifungua kwa meno, watu wananitazama, kikadondoka kipande cha sindano ya cherehani.

"Nilikufungia ile iliyovunjika," akasema taratibu, "usije ukapanda mlima mara mbili."

Benadeta akakaa chini na gauni lake, machozi yanamtoka bila sauti, na lori halishuki mjini mpaka Jumatatu.

Mama Koleta akanitupia sindano ya mkono na uzi. Wenzake wakashika pindo, mimi nikapewa ule mkono wa gauni, nikashona mpaka jua likazama, mwanamume peke yangu uani. Niliubana mno. Kanisani Benadeta alishindwa kuuinua avishwe pete, ikabidi bwana harusi ainame mpaka usawa wa kiuno cha bibi harusi, na kanisa zima likageuka kunitazama mimi.

Ugoro niliacha siku ile. Na fundo lolote likiingia nyumbani kwangu nalifungua papo hapo, hata la chumvi, mke wangu agombe asigombe.