Dishi la Gari Letu la Safari

Gari nililotengeneza la kulala safarini limegeuka kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani.

Fundi aliniuliza mapema: braza, unataka dishi la TV linalotafuta mawimbi lenyewe, au la kugeuza kwa mkono kila mkisimama?
Mie nikajifanya mjanja. La mkono.

Leo asubuhi kalifunga juu ya paa, hapa uani kwetu Temeke. Picha safi.
Nikaingia kuoga, ili mie na mke wangu tuianze safari ya Iringa.

Natoka, namkuta mama mkwe, aliyekuja kutuaga, kaketi nje kwenye kiti cha plastiki. Anaangalia tamthilia kupitia mlango wa gari. Ndani haingii, maana ndimo kilimo kitanda cha mkwewe. Majirani wamejazana nyuma yake.

"Shikamoo mama. Sie tunaondoka."
"Marahaba baba. Mkisogeza gari, si picha inapotea?"
Inapotea.
"Basi ngojeni iishe."

Imeisha. Imeanza nyingine.
Hata kujilaza siwezi, kitanda chote anakiona.

Nyie mngemwambiaje mkwenu?

Mke wangu kashusha sufuria zetu za safari, anawapikia chai.