Harusi Niliyoichapisha kwenye Blogu ya Kikundi

Naungama mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa kijijini kwetu Nyakisasa. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, na ndimi ninayeandika blogu yake. Juzi mchana, wenye mtandao unaohifadhi blogu hiyo walituletea mionekano mipya ya kurasa, tuchague. Mmoja ulikuwa na rangi ya ukungu unaopanda kutoka mabondeni, na herufi nyembamba kama za kadi ya mwaliko. Niliutazama mpaka macho yakalegea.

Ili nione maneno yanavyokaa, nikaandika lililokuwa moyoni: "Katibu wetu Devota amefunga ndoa na bwana shamba Joas. Kanisa lilijaa maua meupe, na bibi harusi alitembea kana kwamba hakanyagi chini." Joas mwenyewe hajawahi kuniambia lolote zaidi ya habari za mbolea.

Nikabonyeza kitufe cha kuhakiki, kile cha kuutazama ukurasa kabla haujachapishwa. Kumbe maboresho yamekihamisha, na mahali pake pamewekwa cha kuchapisha. Tena siku hizi kila chapisho huenda moja kwa moja kwenye simu za wanachama wote. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kwenye mkutano wa kikundi huku nikitabasamu peke yangu.

Nilipoingia, watu wakaniangalia, kisha wakazitazama tena simu zao. Joas alikuwa ameinamia simu yake, jasho likimtoka. Kando yake alikaa mama yake, mwanachama wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mkwe wangu," akajibu, akasogea ili nikae katikati yao.