Ndege Iliyomfuata Kocha

Shemeji yangu Dell Brandvold ni kocha msaidizi wa mpira wa chuo, ule wa kofia ngumu. Kazi yenyewe ni kuhamahama kama sarakasi. Kocha mkuu akihamia chuo kingine, anabeba wasaidizi anaowapenda, na mkuu mpya anakuja na watu wake. Ndiyo maana dada yangu Corinne, mkewe, hajawahi kufungua maboksi yote ya vyombo. Wageni wakija, wanakula kwenye sahani za karatasi.

Hapa Nebraska mambo yakabadilika. Chuo kimoja cha Kansas kilimtaka Dell awe bosi wa mabeki. Kocha Rusk, mkuu wake, akamkumbatia: "Dell, mimi na wewe mpaka tuzeeke. Unaniachia nani?"

Dell akarudi nyumbani machozi yanamlenga. Kazi kaikataa.

"Una uhakika?" dada akauliza. "Maana safari hii nafungua kila kitu. Binti yetu Tess amalizie shule hapahapa."

"Fungua, mke wangu."

Akafungua. Maboksi mimi nikayakanyaga, nikatupa.

Sasa huku Desemba mashabiki hawana kazi, wanafuatilia ndege kwenye simu. Ndege ya matajiri wa chuo kingine ikitua kwenye kiuwanja chetu, ujue kuna kocha ananunuliwa. Jumamosi kinyozi akampigia Dell: "Kocha, ndege ya Texas imeshuka! Wamekuja kukuiba, au?"

"Waambie sitoki!" Dell akacheka. Lakini akavaa koti la harusi. "Twende tukaone tu, shemeji."

Uzioni watu wamejaa. Kocha Rusk huyo anapanda ngazi za ndege, kofia ya Texas kichwani.

"Msaliti! Nenda zako, hata nauli nakulipia!" mzee mmoja akapiga kelele.

Dell akapunga mkono. Labda Rusk hakumwona. Tuseme hivyo.

Kansas walishapata mtu. Ikabaki Rusk amwite Texas. Jioni simu ikalia, Dell akairukia.

"Ndiyo, bosi... ndiyo... bila shaka." Akakata.

"Anatuchukua?" dada akauliza.

"Kasahau jiko lake la kuchomea nyama uani. Anataka nimfungashie, nimtumie."

"Ukamwambiaje?"

"Nimekubali. Si atanikumbuka?"

Dada alimtazama weee, kisha akanigeukia mimi.

"Maboksi yangu uliyatupa wapi?"