Vidole vya Mwalimu

Jumatatu, kwenye ofisi ya chefu wa zone, mkubwa wa serikali katika eneo letu, mwalimu mmoja alikuja kuomba asamehewe salongo, ile kazi ya umma ambayo kila Jumamosi tunalazimishwa kujitolea. Ngozi ya shingo yake ilikuwa nyeusi kama iliyoungua.

"Nilikuwa na kansa ya tezi, citoyen chefu. Walinichoma miale, wakanipiga sindano miezi na miezi."

"Na leo ingali iko?" chefu akauliza.

"Hapana. Iliisha, sasa ni miaka mingi."

"Basi ulipona! Kamata jembe sawa wengine."

"Kansa iliisha, chefu. Dawa njo haiishe mwilini. Nikipanda kilima pumzi inakatika, na vidole haisikie tena kitu. Ona."

Akabandika vidole kwenye birika la chai ya chefu, lililotoka motoni wakati huo huo, akaviacha pale. Sisi tuliokuwa kwenye benchi ndio tuliokunja vyetu.

Chefu akacheka mpaka koti lake la abacost, vazi la wakubwa wa serikali, likatikisika. "Haisikie? Papa, ni weye tulikuwa tunatafuta! Nani mwingine atang'oa miiba ya mutaro?"

Jumamosi akaing'oa. Ni mimi niliyemwambia, "Papa, unatoka damu." Akaitazama mikono yake kama ya jirani, akaketi ukingoni akihema.

Chefu alikuwa amesimama juu yetu, mikono mfukoni. Yeye hajachomwa miale wala kudungwa sindano hata moja. Ganzi yake alikabidhiwa pamoja na kiti.