Kurasa za Waliopata Kipaimara

Katika yote niliyowahi kuandika, maandishi yaliyosomwa na watu wengi zaidi ndiyo yenye kosa kubwa zaidi. Nitaeleza ilivyokuwa bila kujipendelea, ingawa mwanzo huu nimeshauandika mara sita na bado siupendi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shuleni nilikaa madarasa mawili tu, kisha mama akaugua nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu na kupalilia kibanja chetu cha migomba. Kusoma nilijimalizia mwenyewe kwa Biblia, kitabu cha nyimbo, na vipande vya magazeti ambavyo mwenye duka alifungia chumvi. Ndiyo maana hadi leo habari nyingi nazijua nusu nusu.

Usharika wetu ulikuwa mlimani, mwendo wa saa mbili kutoka Nyabiyonza. Siku moja uliletewa sanduku lenye vitabu vipya tisa. Juu ya kifuniko palibandikwa karatasi: Kwa Watoto na Vijana. Mchungaji akaniita.

"Shikamoo, baba mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu hana nafasi. Visome hivi, uandike kila kimoja kinamfaa nani na kwa sababu gani. Jumapili nitatangaza."

"Na visiposomwa?" nikauliza. Mtu mwingine angeuliza aanze lini.

"Msimamizi wa vitabu atapita kahawa ikishaanikwa. Akikuta havina wasomaji, sanduku linahamia usharika wa Kimuli."

Nilibeba sanduku kichwani hadi nyumbani, nikiwa tayari nimeanza kuliomboleza. Vitabu tisa! Sikuwahi kuwa karibu na vitabu tisa kwa pamoja. Niliamua kuandika orodha nzuri kiasi kwamba hakuna mtoto wa usharika ule ambaye angeweza kuikataa. Kila kitabu nilikiandikia maelezo mara nne. Kitabu cha ufugaji wa nyuki nilikipendekeza kwa "watoto wenye moyo mtulivu", kisha nikakaa siku mbili nikijiuliza kama tunao.

Kitabu cha tisa kilinishinda. Kila baada ya kurasa mbili zilizo wazi kulikuwa na mbili zilizoshikana ukingoni kama mfuko. Ukurasa wa tano ulifuatwa na wa nane. Mtu aliyezoea vitabu angejua kwamba huko kiwandani walisahau kupitisha kisu. Mimi sikuwa nimezoea vitabu. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila kilichochapwa kimekusudiwa.

Hadithi ilikuwa ya kijana aliyefika kijiji cha ugenini. Mwisho wa ukurasa wa tano, mjane aliyempa makazi anamshika mkono, anampeleka nyuma ya migomba na kumwambia, "Leo nitakuonyesha jambo ambalo mama yako hakukuonyesha." Ukurasa wa nane unaanza kijana akirudi uani anahema, jasho linamtiririka, na tangu siku hiyo, kinasema kitabu, hakuwa tena yule wa jana.

Nilikifunga. Nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Njiani kurudi akili ikanijia, na akili hiyo niliionea fahari kwa wiki saba. Si sanduku limeandikwa Watoto na Vijana? Basi kurasa zilizo wazi ni za watoto, na zilizofungwa ni za vijana. Kitabu kimoja kwa umri wa namna mbili, kuokoa karatasi. Mimi mwenyewe nilikwisha kupata kipaimara, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kufungua. Sikufungua. Wala si kwa usafi wa moyo. Niliogopa kukichana vibaya.

Niliandika hivi: "Kitabu hiki kinafaa wote. Kurasa zilizo wazi ni za watoto. Zilizofungwa wasizifungue ila waliopata kipaimara."

Mchungaji aliyasoma maneno hayo mimbarani bila kukitazama kitabu. Kisha akaongeza yake: "Hapo mnaiona hekima ya waliokitengeneza."

Jumamosi iliyofuata, siku ya kuazima, baraza la shule lilijaa. Walikuja wa vibanjani na walikuja wa mbugani, watoto wa wafugaji ambao kanisani tuliwaona Krismasi na Pasaka. Walikipita kile cha nyuki kana kwamba sanduku lina kitabu kimoja. Binti mmoja wa wafugaji, wa miaka kumi hivi, alikiinua kile cha tisa juani, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani ya mfuko wa karatasi kwa juu.

"Unaona nini?" wenzake wakamsukuma.

"Naona shimo."

"Shimo la nini?"

"Limeishia hapo."

Akasukumwa, akachungulia mwingine. Kaka wa binti huyo, kijana mrefu mwenye dharau, akanijia.

"Dada, mimi nina kipaimara tangu mwaka juzi. Fungua."

"Kitachanika."

"Na wewe unayekilinda, cheti chako kiko wapi?"

"Kiko ndani ya Biblia yangu."

"Kilete. Isije ikawa tunalindwa na mtoto."

Walicheka sana. Mimi nilicheka pia, halafu usiku wote huo na kesho yake nikawa natafuta jibu ambalo ningempa.

Darasa la kipaimara nalo likajaa. Mchungaji alisema tangu aje kwetu hajawahi kuona vijana wenye kiu namna ile, akatuomba tumshukuru Mungu kwa uamsho. Nilikuwa kwenye benchi la wanawake, nikitazama vidole vyangu. Lakini sanduku lilikuwa linasomwa, au tuseme linachunguliwa, na Kimuli ilizidi kuwa mbali. Hilo lilinitosha.

Katika wiki ya saba bibi yangu alikuwa anamenya ndizi za mchana, nami nimekaa karibu naye na kitabu mapajani.

"Mbona unakitazama kama umekaa mbele ya mkwe?"

Nikamweleza: kurasa zimefungwa, zina wenyewe, hazitaki kuguswa vibaya. Bibi hakujua hata herufi moja. Alipangusa kisu kwenye jani, akakichukua kitabu kabla sijasema lolote, akapitisha kisu kwenye mkunjo taratibu, kama anayetafuta mwanzo wa ganda. Karatasi ikaachana, imenyooka kabisa.

"Kumbe kinamenywa tu," akasema, akarudia ndizi zake.

Nikasoma. Mjane alimwonyesha kijana namna ya kuchimba choo. Kina cha futi kumi na mbili, upana wa futi tatu, mbali na jiko, na mfuniko wa mbao juu yake. Kijana alichimba kutwa nzima. Ndiyo sababu ya kuhema.

"Wanasemaje?" bibi akauliza.

"Choo, bibi. Wanachimba choo."

"Basi huyo mjane ni mtu wa maana. Babu yako nilimwambia miaka mitano."

Sitajificha: jambo la kwanza nililofanya ni kujaribu kuzifunga tena zile kurasa. Nilikata jani la mgomba, nikakinga utomvu, nikapaka ukingoni kwa unyoya wa kuku. Zilishika vizuri. Kufikia jioni utomvu ulikuwa umegeuka kahawia, na doa lilikuwa limetambaa hadi kwenye maandishi.

Kahawa ilikuwa tayari inaanikwa. Msimamizi angefika wiki ile ile. Nikisema ukweli, wasomaji wataondoka na sanduku litawafuata. Nikinyamaza, litabaki, nami nitabaki nalo, nikilinda choo. Nilikwenda kwa mchungaji, na ningependa kusema nilisukumwa na uaminifu, lakini nilisukumwa na lile doa, ambalo lilionekana hata ukiwa mlangoni.

Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Choo?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilisema ni hekima."

"Ulisema, baba."

Akafikiri. "Waambie wewe siku ya kuazima. Mimi nitasahihisha mimbarani, polepole." Tangu wakati huo ni miaka sita, na bado anasahihisha polepole.

Jumamosi nilikwenda na kisu cha bibi. Mbele ya wote nilizikata kurasa zote zilizosalia, kisha nikawaeleza kosa langu na kusoma habari za choo kwa sauti. Nilipomaliza nilikiinua kitabu waone. Niliwaza sanduku likishuka mlima juu ya kichwa cha mtu mwingine.

"Sawa, dada," kaka wa yule binti akasema. "Hizo za choo tumezisikia. Sasa soma zenyewe."

"Ndizo zenyewe."

"Na hili doa?"

"Utomvu wa mgomba. Nilikuwa nimezigundisha."

"Ahaa! Kwa hiyo ulifungua, ukaondoa unazojua, ukafunga."

"Sikuondoa kitu!"

"Basi lete nikisome mwenyewe."

Alikishika kichwa chini miguu juu. Dada yake akamgeuzia, akaweka kidole chini ya mstari na kuanza kusoma neno moja moja, watu wamemzunguka. Alipofika katikati ya ukurasa akapiga kelele.

"Yeye alisema futi kumi! Hapa ni kumi na mbili! Ameruka!"

Ilikuwa kweli. Kwa woga nilisoma kumi. Mimi, niliyeandika maelezo ya kila kitabu mara nne.

"Kama hapa karuka mbili," kaka mtu akasema, "kwenye vile vingine karuka ngapi?"

Wakaligeukia sanduku. Kila kitabu kilipata watu watatu au wanne, asiyejua kusoma akimbana anayejua amsomee asifiche kitu, wote wakitafuta nilichowaficha. Siku hiyo hiyo msimamizi alipofika kwa baiskeli, aliwakuta vijana wawili wanataka kupigana juu ya maisha ya malkia wa nyuki. Aliegemeza baiskeli, akawatazama. Kisha akaniuliza ninatumia njia gani.

"Anawahimiza wahakikishe wenyewe," mchungaji aliyefuatana naye akanijibia.

Msimamizi alisema sanduku libaki kwetu, na lingine la pili litaletwa baada ya mavuno. Halafu akaomba ile orodha yangu, aipeleke kwenye sharika nyingine isomwe kama ilivyo. Nilimwambia ina kosa, nikamwomba siku moja tu niiandike upya. Akatazama tena barazani, akanihurumia.

"Binti, hiyo imeshafanya kazi. Usiiguse."

Akaikunja mara nne, sentensi ya kipaimara ikiwa bado imo ndani, akaitia mfukoni mwa shati na kupanda baiskeli yake. Nilimfuata mbio hadi kwenye mteremko, nikipiga kelele kwamba ni choo, ni choo tu, naye akanionyesha kwa mkono kilipo, upande wa nyuma ya shule, akaendelea na safari.