Nilitupa Hendeli ya Gari ya Achieng

Admin, nifichie jina tafadhali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi upande wa Ndhiwa. Jina la mtoto pia nimebadilisha.

Miaka ya tisini bwanangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa sokoni. Kifungua mimba wetu, Achieng, alizaliwa na shida ya damu. Miguu ilikuwa inavimba, kutembea ni taabu. Akiwa na miaka tisa alijitengenezea gari ya kuchezea na mkebe wa mafuta, waya, na magurudumu ya patipati kuukuu. Kiti cha nyuma alikigeuza kiangalie nyuma. "Ndiyo nikienda shule nimuone mama akinipungia mkono," akasema.

Babake akaipima na rula. Mwaka mzima alikuwa anaunganisha vyuma. Akatafuta injini kuukuu ya posho mill, ile ya kusaga mahindi, huko Suna, akajenga gari ya ukweli, vile vile ilivyokuwa, hadi boneti akaipinda vile mtoto aliipinda. Siku iliwaka, Achieng alicheka mpaka akalia. Ikawa inampeleka shule kila asubuhi.

Mimi niliona aibu. Wamama wa kwaya walikuwa wananiita bibi ya mwenye mkebe. Jumamosi moja bwanangu akaniambia, "Mama Achieng, kesho sote tunaenda kanisa na gari." Alipoenda kuoga nikachukua hendeli, kile chuma cha kuzungusha injini ndio iwake, nikatupa kwa choo cha shimo. Nilijua atatengeneza ingine. Nilitaka tu hiyo Jumapili moja ipite. Asubuhi akaitafuta akaikosa, tukaenda kanisa na baiskeli, akasema itaonekana tu.

Jumatatu asubuhi mtoto akaanza kushika kifua, hawezi kupumua. Babake akapindua nyumba yote. "Niliiweka wapi? Nyasaye, Mungu wangu, niliiweka wapi?" Mimi nimesimama hapo hapo. Tukasukuma gari, ikakataa. Akamfunga Achieng kwa baiskeli na leso, mimi nikikimbia nyuma. Hospitali ni Homa Bay. Hata Rodi, hapo njiani, hatukufika. Alikata roho akimwambia babake, "Baba, pole pole, utachoka."

Bwanangu hakugusa gari tena. Iko nyuma ya boma, kuku wanataga ndani. Hajawahi kuniuliza kitu. Mwezi uliopita mjukuu wetu alimuuliza kwa nini hakuitengeneza ile gari, na mzee wangu akamjibu mbele yangu, "Shangazi yako nilimuua mimi, kwa uzembe wa kupoteza chuma." Nikainuka nikaenda jikoni kulia.

Sasa presha imemshika, daktari amesema asipewe habari za kumshtua. Nikisema, naweza kumuua. Nikinyamaza, atazikwa akibeba dhambi yangu. Ninyi mlio na wazee nyumbani, hebu niambieni: nimwambie, ama nimwache aende hivyo?