Mizani Ndani ya Mtumbwi

Kila mwaka niliwafundisha wanafunzi wa Kalemie kwamba lifti ikianza kupanda, mtu aliye ndani huwa mzito zaidi kwenye mizani. Lifti yenyewe sikuwahi kuiona, lakini aliyekosa swali hilo nilimpa sifuri bila huruma.

Vita ilipofunga shule, nikaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama mmoja mvuvi alinipimia kikapu ndani ya mtumbwi wake, kwa mizani ya kuning'iniza. Wimbi likianza tu kutunyanyua, mshale uliruka naye akaita, "Angalia sasa, Papa mwalimu!" Nikaangalia, nikamshukuru.

Nyumbani nilipokipima tena, kikapu kilipungua kilo mbili. Nikamfokea mke wangu kwamba amepika ndagala zangu.

"Ulipimia wapi?" akauliza.

"Mtumbwini," nikajibu, na papo hapo nikajipa sifuri yangu.